Gesi ya Kiyoyozi Hailiwi, Huvuja

Jinsi ya kutoa hewa na kutia gesi katika kiyoyozi cha gari kuukuu



Siku moja nilikuwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Korogwe, nikikagua madarasa ya jioni. Ilikuwa mwezi wa pili na jua lilikuwa kali sana. Nikapita kumsalimu mzee mmoja, dereva mstaafu, ambaye ni mwanakisomo wetu wa zamani.

Mzee huyu ana gari aina ya Peugeot 504 la mwaka 1979. Alilinunua mnadani na anajitahidi kulitunza. Mkewe ana ugonjwa wa moyo, na kila mwezi mzee humpeleka kliniki mjini Tanga. Daktari amesema joto kali halimfai mama huyo. Ndiyo maana mzee anataka kiyoyozi cha gari lake kifanye kazi. Kiyoyozi ni ule mtambo wa kuleta baridi ndani ya gari. Mafundi wengi huuita eisii.

Nilimkuta mzee amechoka. Fundi mmoja alikuwa amemtilia gesi mara tatu. Kila mara baridi ilikaa wiki mbili au tatu, halafu ikatoweka. Mara ya tatu fundi yule alilegeza nati kwa spana wakati gesi ingalimo ndani. Gesi ikamrukia mkononi, na vidole viwili vikatoka malengelenge kama ameungua moto. Juu ya hayo, mtu mwingine alikuwa amemshauri mzee ajaze gesi ya kupikia, eti ni ya bei nafuu na inaleta baridi vile vile.

Siku ile mzee alikuwa amemwita fundi mwingine. Huyu ni binti aliyesoma chuo cha ufundi stadi, na ni mjukuu wa jirani yake. Mazungumzo yao yalikuwa hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Gesi imekwisha tena. Nitilie nyingine."

"Imekwisha, babu? Imekwenda wapi?"

"Si imetumika? Kama petroli inavyotumika."

"Hapana babu. Gesi hii haichomwi wala hailiwi. Inazunguka tu mle ndani, mwaka nenda mwaka rudi. Ikipungua, ujue imetoka. Na kama imetoka, basi lipo tundu. Na palipotoka gesi, hewa na maji vimeingia. Kwanza tuzibe tundu. Pili tutoe hewa na maji. Kutia gesi ni kazi ya mwisho."

Nilikaa pale tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Niliuliza maswali mengi na kuandika katika daftari langu. Leo nataka kuwaeleza niliyoyaona siku ile, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye.

Huenda ndugu msomaji ukasema: "Mimi sina hata baiskeli. Kiyoyozi cha gari kinanihusu nini?" Kinakuhusu. Friji inayopoza soda dukani hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Friji nyingi za kutunzia chanjo katika zahanati ni hivyo hivyo. Tena vijana wetu wengi wanajifunza ufundi huu. Mtu akielewa mambo haya, hadanganywi kwa urahisi, wala hapotezi fedha yake.

BARIDI HUTOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba gesi ya kiyoyozi ni baridi iliyofungwa katika mtungi. Sivyo. Hebu tukumbuke mambo mawili tunayoyajua.

La kwanza ni mtungi wa udongo. Maji katika mtungi huwa baridi hata wakati wa kiangazi. Kwa nini? Kwa sababu maji kidogo hupenya kwenye udongo na kutoka nje. Yakifika nje hukauka, yaani hugeuka kuwa mvuke. Maji yakigeuka mvuke hubeba joto. Joto hilo hutoka kwenye mtungi, na mtungi hupoa.

La pili ni spiriti. Mganga wa zahanati akikupaka spiriti kabla ya sindano, unasikia ubaridi pale pale. Spiriti hukauka upesi kuliko maji, kwa hiyo huchukua joto la ngozi kwa haraka.

Gesi ya kiyoyozi hushinda spiriti. Gesi ya sasa inayoitwa R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba ikiachiwa wazi mahali popote kijijini, itachemka yenyewe bila moto. Ikichemka hunyang'anya joto la kila kinachogusana nayo. Ndiyo maana vidole vya yule fundi wa kwanza vilibabuka. Hakuunguzwa na moto. Aliunguzwa na baridi.

SEHEMU NNE ZA MTAMBO

Katika gari, gesi huzunguka katika mabomba yaliyofungwa pande zote. Mtambo una sehemu kubwa nne.

Ya kwanza ni kompresa. Hii ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Huivuta gesi na kuishindilia. Gesi ikishindiliwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata joto ukiitumia.

Ya pili ni rejeta ya kiyoyozi. Hukaa mbele ya rejeta ya maji. Hapo upepo huipoza gesi, nayo hugeuka kuwa kimiminika, yaani kitu cha majimaji.

Ya tatu ni tundu jembamba sana. Kimiminika hupenya hapo kwa shida, na upande wa pili presha hushuka ghafula.

Ya nne ni kipozeo. Hiki hukaa ndani ya gari chini ya dashibodi. Hapa kimiminika huchemka na kuchukua joto la hewa inayopulizwa na feni. Abiria hupata hewa baridi. Gesi hurudi kwenye kompresa na kuanza safari upya.

Katika magari mengi ya zamani kuna pia kichupa cha chuma chenye dawa ya kukausha unyevu. Tukiite kichupa cha kukaushia. Ni kidogo, lakini kazi yake ni kubwa.

ADUI WAWILI: HEWA NA MAJI

Kwa nini binti yule alitaka kutoa hewa kwanza? Kwa sababu hewa haigeuki kimiminika katika rejeta ile. Hukaa pale na kuziba nafasi ya gesi. Presha hupanda, kompresa hufanya kazi ya punda, na baridi hupungua.

Maji ni adui mbaya zaidi. Unyevu hauonekani, lakini umo katika hewa, hasa kwetu karibu na pwani. Ukiingia katika mtambo hufanya maovu mawili. Kwanza, tone la maji huganda barafu pale kwenye tundu jembamba na kuziba njia. Baridi hukatika. Gari likisimama, barafu huyeyuka na baridi hurudi. Mwenye gari hushangaa. Pili, maji yakichanganyika na gesi na oili huleta asidi. Asidi hula vyuma na mabomba kutoka ndani, na mwisho kompresa hufa.

Basi fundi anayetia gesi bila kutoa hewa na maji ni kama mtu anayemimina unga mpya katika ghala lenye dumuzi. Fedha inaliwa.

KUCHEMSHA MAJI BILA MOTO

Je, maji yaliyojificha ndani ya mabomba yatatokaje? Huwezi kuyafuta kwa kitambaa wala kuyaanika juani. Dawa yake ni kuyachemsha.

Hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Pwani, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mjini Lushoto, mlimani karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895, huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji hupungua, nayo huchemka mapema. Ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva mlimani. Maji yanachemka, lakini hayana joto la kutosha.

Sasa, tukiondoa karibu hewa yote, maji yatachemka hata kwa joto la kawaida la mchana. Kwenye nyuzi 30 maji huchemka ikiwa presha imebaki kama sehemu 4 tu katika 100 za presha ya pwani. Pampu ya kunyonya hewa hufanya kazi hiyo. Huacha ombwe ndani ya mabomba, yaani mahali pasipo na hewa. Maji huchemka, hugeuka mvuke, na mvuke hunyonywa nje.

Kumbe pampu ile haitoi hewa tu. Inakausha mtambo. Ndiyo maana haifai kuizima baada ya dakika tano kwa sababu mshale wa geji umeshuka. Hewa hutoka upesi, lakini maji yanataka muda.

GESI YA ZAMANI NA GESI YA SASA

Magari yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1992 hadi 1994 yalitumia gesi iitwayo R-12. Gesi hii ilibuniwa Marekani karibu na mwaka 1930. Haikuwaka moto, na watu waliisifu sana. Lakini mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba gesi za aina hii hupanda juu angani na kuharibu ozoni. Ozoni ni tabaka la hewa linalotukinga na miale ya jua inayodhuru macho, ngozi na mimea. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni imepungua sana juu ya Antaktika.

Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia sahihi mkataba mjini Montreal, Kanada. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 mwaka 1996, na nchi zinazoendelea mwaka 2010. Matunda yake yanaonekana. Taarifa ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2023 inasema kwamba ozoni ya sehemu kubwa ya dunia itarudi katika hali ya mwaka 1980 ifikapo 2040 hivi.

Gesi ya R-134a haili ozoni. Lakini nayo ina ubaya wake. Ikiachiwa angani huzidisha joto la dunia, tena zaidi ya mara 1,000 ya uzito ule ule wa hewa ya ukaa. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za namna hii kidogo kidogo.

Basi kanuni ni hii: usiachie gesi angani, iwe ya zamani au ya sasa. Kama gari lako bado lina gesi ndani, usilegeze nati. Lipeleke kwenye karakana yenye mashine ya kuvuta gesi na kuihifadhi katika mtungi. Kazi ya nyumbani ni kwa mtambo ambao umekwisha kuwa mtupu.

KAZI HATUA KWA HATUA

Gari la mzee lilikuwa tupu. Binti alifunga geji, na mshale haukuonyesha presha yoyote. Alifanya kazi hivi:

1. Alichagua mahali. Alilisukuma gari chini ya mwembe, mahali penye upepo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujaa mashimoni. Kwa hiyo usifanye kazi hii ndani ya shimo la karakana wala katika chumba kilichofungwa. Alimwambia bibi ahamishe jiko la mkaa, na mzee azime sigara. Gesi ikipita kwenye moto hutoa moshi wa sumu. Yeye mwenyewe alivaa miwani ya kukinga macho na glovu.

2. Alitafuta tundu. Alitazama viungo vyote vya mabomba. Nyuma ya kompresa palikuwa na doa la oili lililoshika vumbi. Hiyo ni dalili kubwa, maana gesi ikivuja hutoka na oili kidogo. Kisha alijaza gesi ya naitrojeni kavu kupitia kipunguza presha, akapaka povu la sabuni kwenye viungo. Pale penye doa povu lilitoa mapovu makubwa.

3. Alibadilisha vipuri. Aliachia naitrojeni itoke, maana hiyo haina madhara angani. Akaweka oringi mpya, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja. Akabadilisha pia kichupa cha kukaushia. Kikikaa wazi hushiba unyevu kutoka hewani, hakifai tena.

4. Alibadilisha oili. Oili ya zamani ya R-12 haichanganyiki na R-134a. Hubaki imetuama mahali pamoja, na kompresa hukauka. Yule fundi wa kwanza hakujali jambo hili. Binti aliimwaga oili ya zamani kadiri alivyoweza, akatia oili ya esta. Aliifungua kopo wakati ule ule wa kutia, kwa sababu oili hiyo hunyonya unyevu wa hewa.

5. Alifunga geji. Geji zina mipira mitatu. Mpira wa bluu huenda upande wa presha ndogo. Mwekundu huenda upande wa presha kubwa. Wa njano, ulio katikati, huenda kwenye pampu. Ukikosea bluu na nyekundu unaweza kuumia. Midomo ya gari la zamani ni tofauti na ya sasa, kwa hiyo alifunga viunganishi vya R-134a na kuviacha pale pale.

6. Alinyonya hewa. Alifungua koki zote mbili na kuwasha pampu. Mshale wa bluu ulishuka chini ya sifuri hadi kukaribia inchi 29. Hapo hakuzima. Aliiacha pampu ifanye kazi saa nzima. Muda wa chini ni nusu saa, na kama mtambo ulikaa wazi siku nyingi, zidisha. Ikumbukwe kwamba kila ukipanda mita 300 kutoka usawa wa bahari, mshale hupungukiwa na inchi 1 hivi. Fundi wa Lushoto akiona 25 asidhani pampu yake ni mbovu.

7. Alisubiri. Alifunga koki kwanza, kisha akazima pampu. Tukanywa chai nusu saa nzima huku tukiutazama mshale. Haukusogea. Hapo alisema: "Sasa babu, tundu limezibwa." Kama mshale ungerudi juu, ingekuwa dalili kwamba bado panavuja, au maji yangalimo ndani.

8. Alipima gesi kwa mizani. Kibao kilicho chini ya boneti huonyesha uzito wa R-12. Gesi ya R-134a hutiwa pungufu, kama sehemu 80 katika 100. Kwa mfano, kibao kikisema gramu 1,000, anza na gramu 800. Usikisie kwa mkono. Gesi ikizidi, baridi hupungua na presha hupanda.

9. Alitia gesi. Alihamisha mpira wa njano kutoka kwenye pampu hadi kwenye kopo la gesi. Akaulegeza kidogo sana kwenye geji ili hewa iliyobaki ndani ya mpira itoke, kisha akaukaza. Gesi ya kwanza iliingia yenyewe, kwa kuvutwa na ombwe. Halafu aliwasha injini, akafungua vioo vya gari, akaweka feni mwendo wa juu. Koki nyekundu aliifunga kabisa. Akaendelea kutia kwa upande wa bluu tu, pole pole, kopo likiwa limesimama wima. Kopo likipinduliwa, kimiminika huingia kwenye kompresa. Kimiminika hakishindiliki, kwa hiyo kompresa huvunjika.

10. Alisoma geji. Upande wa bluu ulionyesha paundi 32, na wekundu paundi 220. Hesabu hubadilika kulingana na joto la siku. Kwa siku ya joto, bluu kati ya 25 na 40, na nyekundu kati ya 180 na 250, si mbaya. Nyekundu ikielekea 300, zima mtambo mara moja na utafute sababu.

Mwisho alibandika karatasi chini ya boneti. Aliandika: R-134a, uzito wa gesi, aina ya oili na tarehe. Fundi atakayefuata hatakisia. Hapo, ndugu zangu, ndipo kusoma na kuandika kunapookoa kompresa.

MAMBO YA KUKATAA KABISA

Usitie gesi ya kupikia. Ni kweli inaleta baridi. Tena friji nyingi za siku hizi zina gesi inayowaka moto. Lakini friji hiyo imeundwa kwa gesi hiyo, na gesi yenyewe ni kidogo tu. Katika gari, rejeta ya kiyoyozi iko mbele kabisa, mahali panapogongwa kwanza. Kipozeo kiko ndani, walipo abiria. Gesi ikivuja na cheche moja ikitokea, gari litalipuka na watu wako ndani.

Usipime uvujaji kwa oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili hulipuka. Usitumie hewa ya kujazia matairi pia, maana ina unyevu.

Usifungue koki nyekundu wakati injini inazunguka na kopo limeunganishwa. Presha kubwa itarudi katika kopo na kulipasua kama bomu.

Usipashe kopo moto. Likiwa baridi sana, liweke katika maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto.

Gesi ikikurukia kwenye ngozi, weka maji ya uvuguvugu. Usisugue. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 15. Katika hali zote mbili nenda hospitali.

Na kama huna pampu ya kunyonya hewa, usianze kazi. Wengine hutumia kompresa ya friji kuukuu. Hunyonya, lakini si vizuri kama pampu yenyewe. Ni afadhali mafundi watatu au wanne washirikiane kununua pampu moja.

MWISHO

Ilipofika saa kumi jioni, nje palikuwa na nyuzi 33. Binti aliweka kipimajoto kwenye tundu la hewa ndani ya gari. Kilionyesha nyuzi 11. Mzee alimwita mkewe. Mama akaja taratibu, akaketi kiti cha mbele, akafumba macho. "Hewa hii inafaa," alisema.

Mzee aliuliza gharama, akaambiwa. Akanung'unika kidogo, kwa kuwa ilizidi ile ya fundi wa kwanza. Ndipo tukapiga hesabu pamoja katika daftari. Mara tatu alizomlipa yule wa kwanza zilikuwa zimepita gharama ya siku ile, na bado hakupata baridi ya kudumu. Mzee akacheka, akasema: "Kumbe nilikuwa nanunua gesi ya kuwapa ndege wa angani."

Nilipopita tena baada ya miezi saba, bado baridi ilikuwapo.

Ndugu msomaji, fundi akija kwako na mtungi wa gesi lakini hana pampu wala mizani, muulize swali lile lile la yule binti: "Gesi iliyokuwamo imekwenda wapi?" Asipoweza kujibu, fedha yako ibaki mfukoni.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ombwe: mahali palipotolewa hewa.
Kimiminika: kitu cha majimaji, kama maji au mafuta.
Kompresa: pampu inayoshindilia gesi.
Ozoni: tabaka la angani linalotukinga na miale mibaya ya jua.
Oringi: pete ya mpira ya kuzuia kuvuja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini maji ya mtungi wa udongo huwa baridi?
2. Gesi ya kiyoyozi ikipungua, maana yake ni nini?
3. Kwa nini pampu iliachwa saa nzima, ingawa mshale ulikwisha kushuka?
4. Taja hatari ya kutia gesi ya kupikia katika kiyoyozi cha gari.
5. Je, katika kijiji chenu kuna friji dukani au zahanati? Nani huitengeneza, naye ana vifaa gani?